KULALA KANDO YA ZIWA LENYE CHUMVI
Somo la jeografia na biolojia: Ziwa Mono



Katika somo hili tunawapeleka mbali, mpaka Marekani, katika jimbo la California, kando ya ziwa linaloitwa Mono. Kila mwaka watu wanafika pale na mahema yao, wanalala inje siku mbili tatu, wanaangalia ndege na nyota, kisha wanarudi kwao. Wengi wetu tunafikiri kwamba kambi ni jambo la kupumzika tu, la kuimba na kuchoma mahindi. Lakini kando ya ziwa hili kulikuwa kambi moja ya wanafunzi iliyosaidia kuokoa ziwa zima. Tutaeleza ilikuwa namna gani. Kwanza tujue ziwa lenyewe, kisha ginsi ya kulala pale, kisha ile kesi kubwa iliyotokea.

1. Ziwa liko wapi?

Ziwa Mono liko juu sana, karibu meta 1 945 juu ya bahari. Ziwa letu la Kivu liko kwa meta 1 460. Basi Mono inapita Kivu karibu meta 500. Lakini si kubwa: eneo lake ni kama kilometa mraba 180 tu, na pahali penye kina kirefu ni karibu meta 48.

Upande wa magaribi kuna milima ya Sierra Nevada. Vilele vingine vinakaribia meta 4 000. Mawingu yanatoka baharini, yanapanda milima hiyo, yanapoa, yanamwaga mvua na teluji yote kule juu. Yakifika upande wa pili hayana kitu tena. Ndiyo maana mashariki ya milima ni jangwa. Si jangwa la muchanga mutupu na joto usiku na muchana, sawa tunavyoona katika picha za Sahara. Ni jangwa la juu: vichaka vidogo vya rangi ya majivu, jua kali muchana, baridi usiku, na wakati wa baridi teluji inaanguka mpaka kando ya maji.

Ziwa hili ni la zamani sana. Wataalamu waliochunguza majivu ya volkano chini yake wanasema lina umri wa miaka 760 000 kwa uchache.

2. Maji yanaingia, lakini hayatoki

Hapa ndipo kuna siri ya ziwa. Munajua kwamba maji ya Kivu yanatoka kwa muto Ruzizi mpaka Tanganyika, na maji ya Tanganyika yanatoka kwa Lukuga, yanafika katika muto Kongo na mwisho baharini. Kila moja la maziwa hayo lina mulango wake wa kutokea. Mono haina mulango. Mito midogo inashuka toka mulimani, inaingia, na safari yake inaishia pale.

Basi maji yanakwenda wapi? Yanapanda juu kwa mvuke. Kila mwaka jua na upepo vinaondoa tabaka la maji linalopita meta 1. Kama mito inaleta kiasi hichohicho, ziwa linabakia pahali pake. Kama mito inaleta kidogo, ziwa linashuka. Ni sawa mufuko wa pesa wa mutu: anayepata mia na kutumia mia hakopi, lakini anayepata hamsini na kutumia mia atalia.

Sasa, mvuke unachukua maji peke yake. Chumvi haipandi. Kila tone la muto linaleta chembe ndogo ya chumvi toka katika mawe, na chembe ile inabakia. Kwa miaka maelfu na maelfu chumvi imejaa. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila litri. Katika mwaka 1941 Mono ilikuwa na karibu gramu 50. Tena si chumvi ya kula tu. Iko na magadi mengi. Ukigusa maji yake yanateleza kwa vidole sawa sabuni. Mwandishi Mark Twain, katika kitabu chake cha mwaka 1872, alisema kwa muchezo kwamba nguo chafu zikitiwa mara moja mbili katika maji yale zinatoka safi.

3. Nani anaishi ndani?

Samaki hakuna hata mumoja. Lakini tusiseme kwamba ziwa limekufa. Wakati wa baridi mimea midogo isiyoonekana kwa macho inajaa ndani ya maji mpaka yanakuwa ya kijani. Kisha wanazaliwa uduvi. Uduvi ni vidudu vya maji vya jamii moja na kaa, na hawa wa Mono wana urefu wa sentimeta 1 tu. Aina yao haipatikani kwa asili katika ziwa lingine lolote duniani. Wanakula ile mimea, na katikati ya musimu wa joto maji ni safi tena, lakini uduvi wamejaa hawahesabiki.

Tena kuna inzi. Si inzi wa jikoni wala wa takataka. Hawaumi, hawafuati chakula cha watu. Wanakaa kando ya maji kwa wingi sana, sawa mukeka mweusi uliotandikwa. Ukipita wanafungua njia, ukiisha pita wanafunga. Inzi huyu anaingia ndani ya maji akiwa amezungukwa na hewa kidogo sawa shanga ya fedha, anakula, anataga mayai, anatoka mukavu.

Wenyeji wa pale wanaitwa Kutzadika'a, maana yake wala-inzi. Zamani walikuwa wakikusanya inzi hao wakati wangali katika maganda yao, kabla ya kuota mabawa, wakawakausha juani na kuwala. Ni chakula chenye mafuta mengi. Tusicheke. Mutu anayekula kumbikumbi na senene atamucheka nani?

Wageni wakubwa wa meza hii ni ndege. Shakwe wanaacha pwani ya bahari na kuja kutaga mayai juu ya visiwa viwili, Negit na Paoha. Kuna ndege muzamiaji, kwa Kifaransa grèbe, anayefika wakati wa majani kuanguka, na wengi wao wanajaa juu ya maji. Anakula uduvi mpaka uzito wake unakuwa mara mbili, hawezi hata kuruka. Anangoja apunguke ndipo aendelee na safari. Kuna tena ndege wadogo wenye mudomo mwembamba, waitwao phalarope, wanaojaza mafuta pale kwa majuma machache, kisha wanaruka mpaka Amerika ya Kusini. Mono ni kituo chao cha mafuta. Kituo kikifungwa, hakuna kingine karibu cha kuwatosha wote.

4. Mawe yanayosema kweli

Mutu anayefika kando ya Mono anashangaa kwanza kwa kuona minara ya mawe meupe, mingine inapita urefu wa nyumba, imesimama kando ya maji na juu ya inchi kavu. Nani aliijenga? Hakuna mutu. Ni kazi ya kemia.

Chini ya ziwa kuna chemchemi za maji baridi zenye kalisi. Maji ya ziwa yana kabonati. Pahali ambapo vitu hivi viwili vinakutana, vinafanya jiwe la chokaa. Jiwe linakua kidogo kidogo kuzunguka chemchemi, mwaka kwa mwaka, mpaka linakuwa munara.

Sasa fikirini vizuri. Munara huu unaweza kukua chini ya maji tu. Kama leo tunauona umesimama pakavu, juani, maana yake nini? Maana yake ziwa lilikuwa juu yake, na sasa limeshuka. Wageni wanapiga picha na kusema ni mazuri. Kweli ni mazuri, lakini kila jiwe kavu ni shahidi.

5. Ginsi ya kulala pale

Kwa kuwa somo letu ni la kambi, tuseme yale ambayo mutu mwenye akili anatayarisha.

Kwanza, fasi ya hema. Haifai kuweka hema karibu ya maji. Inchi ambayo ziwa liliiacha ni matope laini chini na magadi juu. Tena sheria inakataza. Alama ni mupaka wa maji wa mwaka 1941, meta 1 956 juu ya bahari. Kambi inawekwa juu ya mupaka ule, si chini yake. Katikati ya minara hakuna kulala, hakuna kupanda juu ya jiwe, hakuna kuvunja hata kipande cha ukumbusho. Kilichojengwa kwa mamia ya miaka kinavunjika kwa teke moja.

Pili, maji ya kunywa. Unalala kando ya maji mengi, lakini hakuna la kunywa. Kila mutu aje na bidoni yake: litri 4 kwa siku ni kipimo kizuri katika inchi kavu na ya juu. Mutu hasikii jasho lake sababu hewa inalikausha mara moja, na kichwa kikianza kuuma amekwisha kuchelewa.

Tatu, baridi. Muchana unavaa shati jepesi, usiku unatafuta bulangeti mbili. Hewa ya juu ni nyembamba na kavu, haishiki joto. Jua likizama nyuma ya milima, joto linakimbia pamoja nalo.

Ine, upepo na radi. Asubuhi ziwa limelala sawa kioo. Baada ya saa sita za muchana upepo unaweza kuamka gafula na kuleta mawimbi. Mwenye mutumbwi afanye safari yake mapema. Tena toka tarehe 1 ya mwezi wa ine mpaka tarehe 1 ya mwezi wa nane, hakuna ruhusa ya kukaribia visiwa, sababu shakwe wako na mayai na makinda. Wakishituliwa na kuruka, jua linaua makinda.

Tano, moto na uchafu. Moto unahitaji ruhusa ya wakubwa, sababu vichaka vile vikavu vinawaka sawa karatasi. Choo kinachimbwa mbali na maji, hatua mia moja kwa uchache, na kufukiwa. Takataka zote zinarudi na mwenyewe.

Anayetaka kuoga aoge: maji yanamubeba vizuri, hazami kwa urahisi. Lakini asifungue macho, na mwenye kidonda atajua mara moja. Akitoka na kukauka, ngozi yake itakuwa nyeupe kwa chumvi.

6. Muji wenye kiu

Mbali upande wa kusini kuna muji mukubwa wa Los Angeles. Mwaka 1940 ulikuwa na watu milioni 1 na nusu, na mvua yake ni kidogo. Tangu mwaka 1913 muji ulikuwa ukivuta maji toka bonde la Owens, na katika miaka ya 1920 Ziwa Owens likakauka. Maji hayo hayakutosha. Wakaendelea mpaka Mono: wakachimba njia ya maji chini ya ardhi, urefu wake kama kilometa 18, na katika mwaka 1941 wakaanza kugeuza mito mine kati ya ile inayolisha ziwa. Maji yale yalisafiri zaidi ya kilometa 500 mpaka kwa robine za muji.

Je, watu wa muji ni wabaya? Hapana. Mama anayefungua robine ili apikie watoto wake hakufanya zambi. Wakubwa waliotoa ruhusa mwaka 1940 walijua kwamba ziwa litaumia, lakini walisema sheria ya wakati ule inaweka maji ya nyumba za watu mbele ya kila kitu, hawana njia ingine. Tatizo halikuwa kunywa. Tatizo lilikuwa kuchukua pasipo kupima mwisho wake.

Angalieni hesabu. Toka 1941 mpaka mwanzo wa 1982 ziwa lilishuka karibu meta 14, ni kusema sentimeta 34 kila mwaka. Maji yalibakia nusu. Chumvi yote ikabakia, basi kila litri ikawa na karibu gramu 99. Inchi kavu ikaonekana, upepo ukaanza kupandisha vumbi nyeupe la magadi linaloumiza mapafu. Mwaka 1979 kisiwa cha Negit kikaungana na inchi kavu. Mbwa-mwitu wadogo waitwao coyote wakavuka kwa miguu, na shakwe wakaacha mayai yao na kukimbia.

7. Kambi ya mwaka 1976

Sasa tunafika kwa wanafunzi. Katika musimu wa joto wa mwaka 1976, kikundi kidogo cha wanafunzi wa iniversite kilikwenda kupiga kambi kando ya Mono. Kati yao alikuwa David Winkler. Hawakuwa maprofesa wenye jina. Shirika la serikali linalosaidia sayansi liliwapa pesa za utafiti, nao wakagawana kazi: wengine kuhesabu ndege, wengine kuchunguza uduvi na inzi, wengine mimea na maji.

Kazi ya namna hii haina utukufu. Kuhesabu ndege maelfu chini ya jua, kuandika, kurudia kesho kwa pahali palepale, na kesho kutwa tena. Lakini walipomaliza walikuwa na kitu ambacho watu wengine hawakuwa nacho: namba. Mwaka 1977 walitoa taarifa. Walisema wazi kwamba kama ziwa linaendelea kushuka, chumvi itapita nguvu za uduvi na inzi, na wakifa hao, ndege watakosa chakula.

Mbele ya taarifa hiyo mutu aliweza kusema: «Ni ziwa la chumvi tu, lisilo na samaki, linafaa nini?» Baada yake, jibu lilikuwa limeandikwa.

Mwaka 1978 David Gaines na wenzake wakaunda komite ya kulinda ziwa. Akazunguka na picha zake katika mashule na mikutano, akieleza habari za uduvi na ndege kwa watu ambao hawakuwa wamesikia jina la Mono.

8. Mbele ya tribinali

Komite hiyo, pamoja na shirika kubwa la walinzi wa ndege, wakafungua kesi mwaka 1979. Mwaka 1983 tribinali kuu ya California ikatoa neno linalosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria. Ilisema hivi kwa kifupi: mito na maziwa ni mali ya watu wote, na Serikali inayachunga kwa jina lao. Hata kama ilikwisha kumupa mutu ruhusa ya kuchukua maji, inaweza na inapaswa kuangalia tena kama ruhusa ile inaharibu mali ya wote. Haikusema muji usinywe. Ilisema pande zote mbili ziwekwe katika mizani.

Mizani ilichukua miaka. Tarehe 28 mwezi wa tisa 1994, ofisi ya Serikali inayosimamia maji ikaamua kwamba ziwa lipande mpaka meta 1 948. Si mpaka juu kama 1941, si chini kama 1982. Na muji? Ulisaidiwa kwa pesa za kusafisha maji yaliyotumika ili yatumike tena, na watu wakabadilisha vyoo vya nyumba zao kwa vile vinavyotumia maji kidogo. Los Angeles haikufa kwa kiu.

Tusiseme kwamba mambo yamekwisha. Ziwa lilipanda, lakini lile lengo la meta 1 948 halijafikiwa, hata baada ya miaka 30. Ukame unakuja, teluji inapunguka, na mabishano juu ya maji yanaendelea. Neno la tribinali si mvua.

9. Kwetu hapa

Darasa likienda kulala kando ya maji, kwa Kivu, kwa Tanganyika ao kwa kijito nyuma ya shule, lisiende na sufuria na ngoma tu. Lipeleke fimbo yenye alama za sentimeta, daftari, na kalamu. Simikeni fimbo pahali pasipo mawimbi, andikeni tarehe, saa na kipimo. Andikeni ndege gani mumeona na wangapi. Mwaka ujao wadogo wenu warudi palepale, wafanye vilevile. Siku moja mutu atauliza: «Maji haya yalikuwa ginsi gani zamani?» Wazee watasema yalikuwa mengi, vijana watasema hatujui. Ni vizuri awepo mumoja wa kufungua daftari.

Maulizo ya kujibu

1. Juu ya nini upande wa mashariki wa Sierra Nevada ni jangwa?
2. Litri 2 za maji zina gramu 100 za chumvi. Litri 1 ikipanda kwa mvuke, kila litri inayobakia ina gramu ngapi? Linganisheni jibu na Mono ya 1941 na 1982.
3. Munara wa jiwe umesimama pakavu. Elezeni unatufundisha nini.
4. Gawanyeni darasa katika makundi mawili: moja liseme kwa jina la muji, lingine kwa jina la ziwa. Kisha kundi la tatu likate kesi, na litoe sababu zake.